Rezista Si Dawa ya Indiketa za LED

Mwenye pikipiki akiondoa indiketa za globu na kufunga za LED, mara nyingi hukutana na moja kati ya matatizo matatu. Taa hupepesa kwa kasi isiyo ya kawaida; au huwaka moja kwa moja bila kuzima; au akisukuma swichi kushoto, zote nne huitika. Akirudi kwa fundi kulalamika, jibu analopewa limeshakuwa kanuni isiyohojiwa: LED inataka rezista, funga rezista. Hupewa mwendesha bodaboda anayeipendezesha Boxer yake, hupewa kijana anayeivua Honda kuukuu mabodi yake yote ili aijenge upya kwa sura anayoitaka, na hupewa mnunuzi pale dukani, ambako rezista hufungashwa pamoja na taa kana kwamba ni sehemu ya taa. Nalipinga jibu hilo. Rezista haiponyi kasoro yoyote kati ya hizo tatu; inazifunika tu, na kwa kuzifunika inarudisha mzigo uleule ambao LED ilikuja kuuondoa. Tiba ya kweli ni flasha isiyotegemea mzigo wa taa, yaani flasha ya LED, pamoja na dayodi mbili kwa pikipiki yenye kitaa kimoja cha indiketa kwenye mita. Hakuna kati ya vitu hivyo viwili kilicho kigumu au cha anasa.

Tuanze na sababu ya kuweka LED, maana asiyeijua hawezi kuona rezista inaharibu nini. Globu ya kawaida hutoa mwanga kwa kuchoma uzi mwembamba wa tangsteni. Uzi huo ukitikiswa siku nzima na injini ya silinda moja, juu ya barabara ya vumbi na mashimo, hukatika. LED haina uzi wa kukatika. Pili, globu hula umeme mwingi kwa mwanga kidogo, kwa sababu sehemu kubwa ya umeme huo huishia kuwa joto. Pikipiki nyingi ndogo hutumia globu za wati 10 kwenye indiketa, na kubwa hutumia za wati 21. Ukiwasha upande mmoja wa pikipiki ndogo, globu mbili zinavuta wati 20, yaani karibu amperi 1.7 kwenye mfumo wa volti 12. LED mbili za kufanya kazi hiyohiyo zinaweza kutosheka na amperi 0.2. Kwa pikipiki yenye betri ndogo na magneto isiyo na nguvu ya ziada, hiyo ni nafuu kubwa. Tatu, LED huwaka papo hapo, ilhali uzi wa globu huhitaji muda kidogo upate joto ndipo ung'ae. Mtu aliyefunga LED kwa busara amenunua uimara, akiba ya umeme na mwanga wa haraka. Dawa yoyote ya matatizo yake inapaswa kupimwa kwa swali hili: inamwachia faida hizo, au inamnyang'anya?

Sasa tuitazame flasha, kile kikopo kidogo kinachotoa mlio wa tak-tak, kwa kuwa ndiko kasoro mbili za kwanza zinakoanzia. Flasha ya zamani hufanya kazi kwa joto. Ndani yake kuna utepe wa metali mbili zilizoshikanishwa, ambazo hutanuka kwa viwango tofauti zikipata moto. Umeme unaokwenda kwenye taa hupita humo, utepe unapata joto, unapinda, unakata njia, taa zinazima. Ukipoa unarudi, taa zinawaka tena. Flasha hiyo ilitengenezwa ikitarajia amperi za globu. Ukiiletea amperi 0.2 za LED, utepe haupati joto la kutosha kupinda, ndiyo maana taa hubaki zimewaka. Aina ya pili ni ya kielektroniki, inayopima umeme unaopita. Ukipungua chini ya kiwango, flasha hiyo huamini kuwa globu moja imekufa, nayo huanza kupepesa mbio ili kumwonya dereva. Kwa hiyo ile kasi inayowaudhi watu si ugonjwa wa LED. Ni onyo lililotolewa kwa usahihi kabisa na kifaa kilichopangiwa kazi na taa za aina nyingine. LED ni nzima, waya ni nzima. Kifaa kisichofaa tena ni kimoja tu, nacho ni flasha. Kwa mantiki ya kawaida ya ufundi, kifaa kisichofaa ndicho hubadilishwa.

Rezista inafanya kinyume. Inaiacha flasha ileile mahali pake, kisha inaongeza mzigo bandia kando ya LED ili flasha iamini bado kuna globu. Tuichukue ile inayouzwa sana, yenye gamba la alumini la rangi ya dhahabu na maandishi 50W6RJ ubavuni. Ina ukinzani wa omu 6. Injini ikizunguka vizuri na mfumo ukiwa kwenye volti 13.8 hivi, rezista hiyo hupitisha amperi 2.3, ambazo ni karibu wati 32. Nguvu hiyo haitoi mwanga wala mlio. Yote ni joto, sawa na kifaa cha kulehemia cha fundi redio, kilichofichwa chini ya kiti. Hata ukizingatia kwamba indiketa huwaka na kuzima, hivyo wastani ni nusu yake, bado ni wati 16 za moto mtupu ndani ya nafasi iliyojaa plastiki, waya, na wakati mwingine mipira ya petroli. Na yale maandishi ya wati 50 yana sharti ambalo wengi hawalitimizi: kiwango hicho hufikiwa pale tu rezista inapofungwa kwa skrubu juu ya chuma kikubwa kinachosharabu joto. Ikining'inizwa kwa kamba ya plastiki kwenye fungu la waya, haistahili tena kiwango hicho.

Watetezi wa rezista wana hoja, na zinastahili majibu. Wanasema kwanza kuwa pikipiki ilitengenezwa kubeba mzigo wa globu, kwa hiyo rezista inarudisha tu kilichokuwapo, waya haziwezi kuungua. Kuna ukweli ndani yake. Waya zinazomudu amperi 1.7 hazitayeyuka kwa ghafla zikipewa 2.5. Lakini angalia hesabu yenyewe. Pikipiki ndogo iliyokuwa ikila amperi 1.7 kwa globu zake za wati 10, baada ya kufungiwa LED na rezista moja ya omu 6 kila upande, sasa inakula amperi 2.5. Fundi akifunga rezista mbele na nyuma, inakaribia amperi 4.8. Mwenye chombo amelipia taa za kupunguza matumizi ya umeme, na ameondoka gereji na chombo kinachotumia umeme mwingi kuliko alipoingia. Tena joto la globu lilikuwa ndani ya kikombe cha taa kilichobuniwa kulihimili, kinachopigwa na upepo. Joto la rezista linawekwa mahali popote penye nafasi. Na mzigo huo unakuja saa mbaya kuliko zote. Pikipiki iliyosimama makutano ikisubiri kukata kona ina taa ya mbele, taa ya breki na indiketa kwa pamoja, huku injini ikizunguka taratibu na magneto ikitoa chaji kidogo kabisa. Upungufu wote unabebwa na betri.

Wapo wanaojibu kuwa indiketa huwashwa kwa sekunde chache tu, joto halipati muda wa kujikusanya. Hiyo ingekuwa kweli kama kila mwendeshaji angezima indiketa mara amalizapo kona. Pikipiki nyingi ndogo hazina swichi inayojizima yenyewe kama ya gari, na kila anayetumia barabara zetu ameshaona pikipiki ikienda mwendo mrefu na indiketa iliyosahauliwa. Zipo pia zilizofungiwa swichi ya hatari, ambayo hupepesa taa zote nne muda wote chombo kinapokuwa pembeni kimeharibika. Wakati huo injini imezima, hakuna chaji, na rezista za pande zote mbili zinanyonya betri ileile inayotegemewa kuwasha chombo. Ufungaji wa umeme hupimwa kwa matumizi ya kusahau na kuharibikiwa, si kwa matumizi ya mtu mwangalifu peke yake.

Hoja ya pili ndiyo inayosemwa kwa kujiamini zaidi: kwamba rezista inahifadhi lile onyo la globu kufa, ilhali flasha ya LED hulipoteza. Hapa watetezi wamegeuza mambo juu chini. Ni kweli kwamba flasha isiyotegemea mzigo itapepesa kwa mwendo uleule hata taa moja ikiwa imekufa. Lakini rezista inafanya nini? Tuseme LED ya nyuma kushoto imeungua kwenye chombo chenye rezista. Umeme uliokuwa amperi 2.5 sasa ni 2.4, kwa sababu karibu wote ulikuwa ukipita kwenye rezista tangu mwanzo. Flasha haioni tofauti yoyote. Zikifa LED zote mbili za upande huo, bado rezista itavuta amperi zake 2.3, flasha itapiga tak-tak kwa utulivu, na kitaa cha kwenye mita kitapepesa vizuri mbele ya macho ya mwendeshaji anayeamini gari lililo nyuma yake limeona. Onyo alilodhani amelihifadhi halipo. Lililopo ni ushahidi wa uongo. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kazi nzima ya rezista ni kuficha. Mwenye flasha ya LED angalau anajua kuwa chombo chake hakina onyo hilo, hivyo atazikagua taa kwa macho kabla ya kuondoka. Mwenye rezista ameachiwa imani isiyo na msingi, na katika usalama wa barabarani hiyo ni hatari kuliko kujua kuwa huna.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, nayo inaeleza kwa nini mafundi wazuri pia wameing'ang'ania rezista. Wanasema inaua ndege wawili kwa jiwe moja: inatuliza mapigo, na pia inakomesha lile tatizo la taa zote nne kuitika. Hilo ni kweli, na lazima lielezwe kabla ya kujibiwa. Pikipiki nyingi ndogo zina kitaa kimoja tu cha indiketa kwenye mita, kinachopepesa uende kushoto au kulia. Kitaa hicho hakina waya wake wa ardhi. Mguu wake mmoja umeungwa kwenye waya wa kushoto, mwingine kwenye waya wa kulia. Ukiwasha kushoto, umeme unapita kwenye kitaa, unaingia waya wa kulia, na unatafuta ardhi kupitia globu za kulia. Kitaa cha wati 1.7 hupitisha amperi 0.14 tu, na cha wati 3.4 hupitisha karibu 0.28. Kwa globu za wati 10 hicho ni kiasi duni mno kuzing'arisha, kwa hiyo hubaki giza na hakuna anayejua kuwa umeme umepita humo. Ondoa globu, weka LED. Sasa amperi 0.1 inatosha kuiwasha taa. Umeme uleule mdogo uliokuwa ukipita kimyakimya unawasha upande wa pili, na pikipiki inayokata kushoto inaonyesha taa pande zote. Rezista ikifungwa, inaupa umeme huo njia nyepesi ya kufika ardhini bila kuipitia LED, na tatizo linatoweka.

Linatoweka, lakini kwa gharama ya wati 32 kwa ajili ya kosa la njia ya amperi 0.14. Dayodi hulimaliza bila joto la maana. Dayodi hupitisha umeme upande mmoja tu. 1N4001 au 1N4007, ambazo fundi redio yeyote anazo kwenye kopo lake, hubeba hadi amperi 1, zaidi ya mara tatu ya kinachohitajika hapa. Kazi yenyewe iko hivi. Zifungue waya mbili za kitaa cha kwenye mita. Waya wa kushoto uunge kwenye dayodi ya kwanza, wa kulia kwenye ya pili, kila dayodi ikiwa na mstari wake wa rangi ya fedha umeelekea kwenye kitaa. Ncha hizo mbili zenye mstari ziunganishe pamoja kwenye mguu mmoja wa kitaa, na mguu wa pili upeleke kwenye ardhi. Lehemu viungo, vivike mpira wa kusinyaa kwa joto, kazi imekwisha. Ukiwasha kushoto, umeme unafika kwenye kitaa na kushuka ardhini, na ile dayodi ya kulia inauzuia usivuke. Kosa lilikuwa la njia ya umeme, na limerekebishwa kwenye njia hiyohiyo.

Inabaki hoja ya urahisi: kwamba rezista ni bei nafuu, inapatikana, na haimsumbui fundi kuwaza. Flasha za LED nazo zipo katika maduka ya vipuri, iwe Kariakoo, iwe barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, iwe Kisekka mjini Kampala. Na hesabu ya bei lazima iwe ya kazi nzima. Flasha ni moja kwa chombo kizima. Rezista haziwezi kuwa chini ya mbili, moja kila upande. Flasha huchomekwa pale ilipotoka ya zamani. Rezista hudai waya zikatwe au kumenywa, na kila kiungo kilichosokotwa kwa vidole na kuzungushiwa tepu ni mahali pa maji ya mvua kuingia. Kuhusu kuwaza, kinachotakiwa ni kusoma herufi. Flasha ya miguu mitatu huandikwa B kwa upande wa betri, L kwa upande wa taa na E kwa ardhi. Mpangilio wa miguu hiyo hautoki sawa kwa kila mtengenezaji, kwa hiyo isomwe herufi na si nafasi, na waya wenye umeme wa betri uthibitishwe kwa tasta. Kama soketi ya chombo ina waya mbili, mguu wa E huongezewa waya mfupi hadi kwenye fremu au kwenye waya wa ardhi, ambao kwenye Honda ni wa kijani, ilhali wa chungwa ni wa indiketa za kushoto na wa samawati isiyoiva ni wa kulia. Zipo pia flasha za LED za miguu miwili, nazo hazitaki hata waya huo. Na kwa kuwa LED, tofauti na globu, ina chanya na hasi, fundi anayeifunga tayari analazimika kujua waya upi ni upi. Elimu hiyohiyo inatosha kufunga flasha.

Nakubali kuna pikipiki ambazo ushauri wangu hauzifikii. Baadhi ya za kisasa, hasa kubwa na za bei ya juu, hazina kikopo cha flasha. Mapigo hutolewa na kompyuta ya chombo au na mita yenyewe, na hakuna cha kuchomoa. Huko kompyuta inayopima umeme wa taa inaweza kudai mzigo, na rezista yenye omu zinazolingana na globu ya awali, iliyofungwa kwa skrubu kwenye chuma mbali na plastiki, ni suluhisho linaloeleweka. Lakini msamaha huo hauwezi kugeuzwa kuwa sheria ya gereji. Pikipiki zinazobeba abiria na mizigo mitaani kwetu, na zile kuukuu ambazo vijana huzijenga upya, kwa sehemu kubwa zina flasha ya kuchomoa kwa mkono.

Haya si mabishano ya mafundi peke yao. Indiketa ni kauli ya mwendeshaji kwa watu ambao hawezi kuwasemesha. Kanuni Namba 53 ya Umoja wa Mataifa, inayohusu ufungaji wa taa kwenye pikipiki, inataka indiketa iwe ya rangi ya kaharabu na ipepese mara 90 kwa dakika, ikiruhusu 30 zaidi au pungufu, ili kila anayeiona aielewe bila kukisia. Kwetu Tanzania, kama Kenya na Uganda, tunaendesha kushoto, na kona ya hatari zaidi ni ya kulia, ambapo pikipiki hukatiza mbele ya magari yanayokuja. Rwanda, Burundi na Kongo hatari hiyo iko kwenye kona ya kushoto. Kwenye kona hiyo, usiku, mkono ulionyooshwa hauonekani. Taa ndiyo kauli pekee. Pikipiki yenye indiketa zinazoitika zote nne haijasema inaelekea wapi. Yenye rezista na LED iliyokufa imemwambia mwendeshaji wake kuwa amesikika, kumbe yuko kimya.

Kwa hiyo fundi, ukiletewa pikipiki yenye LED zinazopepesa mbio, chomoa flasha kwanza kabla hujagusa waya wowote. Mwenye duka, uza taa pamoja na flasha yake na dayodi mbili, na ile rezista iweke pembeni kwa wachache wanaoihitaji. Nawe mwenye chombo, ukiambiwa LED haiendi bila rezista, uliza swali moja: taa ikifa, nitajuaje? Fundi akishindwa kulijibu, peleka chombo chako kwa mwingine.